Benchi la Nyuma la Fundi Viatu

Fundi viatu wa mtaani kwetu alikuwa mnyenyekevu, na alihakikisha tunajua. Kila Jumapili kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, akimshukuru Mungu kwa sauti kwamba hakumpa tamaa ya viti vya mbele.

Jumapili moja alimkuta bibi mgeni amekaa pale pale.

"Mama, hapo ni pangu," akamnong'oneza.

"Umepanunua, mwanangu?" bibi akauliza bila kusogea. "Nenda mbele, naona pamebaki nafasi moja."

Fundi akaenda, uso umemshuka. Mchungaji alipomwona mbele kwa mara ya kwanza, alifurahi, akamwomba atuongoze kwa sala ya shukrani. Tukapiga magoti, naye akapiga yake mbele yetu, akitupa mgongo. Hapo kanisa zima tukaziona soli za viatu vyake, zote mbili zimetoboka, soksi zinachungulia. Mkewe akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

Fundi akasikia vicheko, akakunja nyayo, lakini hakukuwa na pa kuzificha.

"Bwana," akaanza. "Asante kwa miguu."

"Amina," bibi akaitikia kutoka nyuma.

Katika sala zake zote, hiyo ndiyo ninayoikumbuka.