Nilimsalimu Shahidi wa Nyuma ya Pazia

Ni mimi niliyemtaja yule shahidi. Miaka yote hii nimekana, tena kwa Kiswahili fasaha cha mwalimu aliyesoma chuo kikuu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mahakimu wa nchi mbalimbali walikuja Mbinga kusikiliza habari za raia waliouawa katika vita vya Msumbiji. Wananchi tuliruhusiwa kuingia. Nilikwenda na daftari, nikakaa mbele, kana kwamba nilikuwa nikisubiriwa mimi.

Shahidi wa tatu aliwekwa nyuma ya pazia, na jina lake likafichwa, kwa kuwa mke na watoto wake walikuwa bado ng'ambo ya mpaka. Alipoanza kusema tu nikamjua: baba mdogo wa mume wangu.

Kwetu mkamwana hasikii sauti ya mkwewe akabaki juu ya kiti. Wala jina lake halitamki. Humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Magoti yakashuka yenyewe. Nikanong'ona, "Shikamoo, Baba Estina."

Mzee hakusikia. Benchi zima lilisikia.

"Kumbe ndiye?" akauliza mama mmoja kushoto kwangu, muuza samaki wa Mbamba Bay.

Minong'ono ikaenea. Karani wa mahakimu akafunga mlango. "Kuna aliyemtambua shahidi. Aseme, hatumfungi mtu. Tunataka tukawatoe watu wake leo, kabla habari haijavuka mpaka."

Akanijia. "Mwalimu, wewe ulipiga magoti. Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nasali rozari."

"Katikati ya ushahidi?"

"Ushahidi wenyewe unatisha, ndugu."

Watu wakacheka. Muuza samaki hakucheka. Alinitazama, kisha akatazama sakafu. Nani ambishie mwalimu? Nami niliona aibu. Msomi mzima, kupigia pazia magoti mbele ya wageni!

Basi mzee akakaa kwangu, akingoja watu wake waletwe taratibu, kama ilivyopangwa. Kila nilipompa maji ya kunawa nilifungua mdomo, nikaufunga. Naye akiwaambia majirani, "Huyu mkamwana elimu haijamharibu."

Wewe unayesoma, ukiteleza ulimi, sema siku hiyohiyo. Kosa langu la kwanza lilikuwa la adabu, lingesameheka. La pili lilikuwa la elimu.

Siku ya nane niliitwa kwenye simu, posta. Mzee akafuatana nami. Aliyepiga alikuwa katibu wa kijiji kimoja cha mpakani, akiwa Mbamba Bay.

"Mwalimu, wamevuka. Mama yupo, na watoto wawili wadogo."

"Na Estina?"

"Askari wa ng'ambo walitangulia kufika. Waliingia kijijini wakimuulizia yeye kwa jina. Wamemchukua."

Mzee akanivuta kanga. "Wanasemaje, mwanangu?"

Nikamwambia simu ni mbovu, sisikii vizuri.