Vibao vya Njia Panda ya Juu

Njia za baiskeli za mlima ule zilikuwa nne, na kila moja ilikuwa na rangi yake. Kijani ilikuwa ya wanaojifunza, ambao walishuka nayo polepole wakipiga soga. Bluu ilikuwa ya waliozoea kidogo. Nyekundu ni ya wale waliokwisha kuvunjika mfupa mmoja, ukaunga, wakarudi. Nyeusi tuiache, hata fundi wa baiskeli aliitaja kwa sauti ya chini. Maandishi hayakuwepo. Wageni walikuja na lugha zao kutoka kila upande, na msimamizi aliona kwamba rangi haihitaji mkalimani.

Aliyezichonga njia hizo kwa jembe na sururu, akasimika nguzo na kupaka vibao, ni mtu mmoja waliyemwita Mshale. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo alificha jambo moja. Macho yake hayakuweza kutenganisha kijani na nyekundu. Kwake zote mbili zilikuwa tope lililokauka.

Aliishije nalo? Rangi ilikuja katika makopo meupe, kila kopo na tone la rangi yake juu ya kifuniko. Mshale alichukua tupa, kifuniko cha kijani akakikata pengo moja ukingoni, cha nyekundu mapengo mawili. Kidole kikafanya kazi ya jicho. Watu walimsifu kwamba vibao vyake vinang'aa, naye kila aliposifiwa alishtuka kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye banda la juu, pale njia zote zinapoanzia. Alikuwa amerudi kutoka kutundika vibao alivyovipaka upya juzi. Nje walisimama wanawake sita wa darasa la wanaojifunza, na wa kwanza wao alikuwa dada yake, aliyemzidi miaka sita, mfua mashuka wa nyumba ya wageni. Mwezi mzima walikuwa wakizunguka uwanjani chini, na leo ndiyo mara yao ya kwanza mlimani. Mwalimu wao alipita barabara ya gari ili awasubiri mwisho wa njia. Wangeshuka mmoja mmoja, wakipishana dakika kumi.

"Mdogo wangu, nikifa, godoro langu usimpe mkeo," dada alisema akifunga kofia ngumu kidevuni. "Ananiombea kifo kwa ajili ya lile godoro."

Wenzake wakacheka.

"Dada, hufi. Fuata kijani tu. Ukifika njia panda ukaona kijani, nenda, usiwaze."

"Nisiwaze! Mwenzio breki zimenikaa moyoni."

Akaenda hivyo hivyo, mgongo umekakamaa, akipiga kengele isiyomwonya mtu yeyote.

Dakika chache baadaye fundi wa baiskeli akaita kutoka ndani. "Mshale, nipe kijani kidogo niguse fremu hii, imechubuka."

Mshale akapapasa ukingo wa kifuniko, pengo moja, akampa kopo. Fundi akalifungua kwa bisibisi, akatazama ndani, akaguna.

"Mzee, umelala vizuri kweli? Nimekuomba kijani, umenipa nyekundu."

"Hiyo ni kijani."

"Kifuniko ndicho cha kijani. Ndani damu tupu, tazama mwenyewe."

Mshale akatazama. Akaona tope.

Hapo ndipo alipokumbuka. Juzi, kabla hajachovya brashi, mvua ilimkurupusha. Aliyaacha makopo mawili wazi akakimbia kuingiza mbao. Aliporudi alimkuta dada yake, aliyekuwa amemletea chakula, amekwisha kuyafunika vizuri na kuyapanga ukutani. Hata alimshukuru. Kisha akapapasa vifuniko, akapaka, asijue vimebadilishana makopo.

Mshale akakimbilia mlangoni.

"Usimwachie mtu mwingine ashuke!" alisema.

"Kwa nini?"

"Kibao kimeanguka."

Hata wakati ule alidanganya. Akaivuta baiskeli iliyokuwa karibu, akairukia.

"Hiyo breki ya nyuma sijaikaza!" fundi akapiga kelele nyuma yake.

Pale njia panda vibao vyake viwili vilikuwa vinang'aa, kimoja kushoto na kimoja kulia. Havikumwambia kitu. Lakini ardhi ilikuwa mbichi, na alama ya tairi moja ilikuwa imekata kulia, kuelekea korongoni.

Njia ile nyekundu aliijua kwa miguu. Kwa baiskeli hakuwahi kuishuka, hakuthubutu. Kwanza kona ya mizizi, kisha mawe bapa yanayoteleza, kisha mbao alizozipigilia misumari yeye mwenyewe, zilizotokeza juu ya genge kama ulimi. Waendeshaji waliziita Kwaheri. Mwenye kasi huruka akatua kwenye mteremko ng'ambo. Asiye na kasi hudondoka moja kwa moja kwenye mawe. Na mwanafunzi aliyeng'ang'ania breki, kasi aitoe wapi?

Kona ya mizizi ilimtupa. Aliinuka, akapanda tena, mawe yakamtupa mara ya pili. Akaiacha baiskeli ikizungusha gurudumu, akakimbia.

"Dada! Dada ee!"

Akaona chupa ya maji ya dada yake imelala katikati ya njia. Akajiambia chupa huanguka tu, chupa haina maana yoyote, akazidi kukimbia.

Kwenye mbao za Kwaheri kulikuwa na mstari mmoja wa tope, umenyooka hadi ukingoni. Baiskeli haikuwepo.

Mshale akalala kifudifudi, akatambaa. Alipofika karibu na mwisho akafumba macho. Akahesabu moja, mbili, tatu, ili atazame chini. Hakutazama. Akahesabu tena. Akamfikiria mama yao marehemu, atamwambia nini siku wakionana. Akachungulia. Chini kabisa, kati ya mawe, baiskeli ilikuwa imejikunja, gurudumu la mbele limekuwa kama kitanzi. Akamtafuta mtu. Akatafuta kofia.

"Unatafuta nini hapo kama mjusi?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Dada yake alikuwa ameketi vichakani, amekumbatia mti kwa mikono miwili, uso rangi ya jivu, kiwiko kinatoka damu.

"Ilitaka kwenda," akasema. "Nikaiachia iende."

Mshale akatambaa hadi pale, akamshika mguu, kwa kuwa mguu ndio uliokuwa karibu. Wote wawili walitetemeka hata majani ya mti yakatetemeka nao.

"Hii ndiyo njia ya wanaojifunza?" dada akauliza. "Wanajifunza nini, kufa?"

Hapo akamwambia. Vifuniko, mapengo, macho, miaka kumi na minne. Dada alisikiliza bila kuuachia mti.

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, nadhani."

"Kwa hiyo zile nyanya mbichi ulizochuma, mama akakuchapa..."

"Niliziona sawa tu na nyingine."

"Na mimi nilisema huyu mtoto mbishi." Akaanza kulia, kisha akaacha. "Twende ukawaambie."

"Dada, nitafukuzwa."

"Ningekuwa pale mawe yalipo sasa hivi, hilo la kufukuzwa ungelisema?"

Mshale akasimama. Wakapanda hadi bandani.

Wanawake watano walikuwa bado wamevaa kofia zao. Mshale alisimama mbele yao akaisema habari yake, sauti inapotea inarudi. Fundi akaanza kucheka, "Unatania wewe," kisha akaliona kopo mkononi mwake mwenyewe, akaliweka chini.

Mmoja wa wanawake, aliyekuwa ashuke wa pili, akauliza, "Baba, kwa makopo hayo ulipaka vibao vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Na vyote viko njiani?"

Mshale alikuwa akiogopa kwa ajili ya mtu mmoja, hakukumbuka wengine. Lango la kati, ambapo wageni wengine huingilia njia hizo katikati, hufunguliwa saa tatu. Fundi aliitazama saa, akakwapua redio ya mkononi.

"Lango la kati! Wageni wameingia?"

Redio ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena.

"Bado," sauti ikasema. "Wako kwenye chai."

"Funga! Usimruhusu hata paka!"

Mshale akakaa chini palepale kwenye changarawe. Dada yake akamwinua kwa kwapa. "Msimamizi tutamwambia tukishuka. Chukua bisibisi."

Wakaenda kwa miguu, nguzo baada ya nguzo, dada akitaja rangi na Mshale akifungua vibao vilivyokosewa. Wale wanawake watano walifuata nyuma, wakisukuma baiskeli. Kwenye nguzo ya tatu Mshale akaweka bisibisi kwenye skrubu.

"Hiki?"

"Nyekundu."

"Una hakika, dada?"

"Mdogo wangu, fungua."

Akafungua.