Karafuu Ndani ya Bangili

Mume wangu alikuwa sonara, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya Msimbazi, Kariakoo. Kila bangili ya fedha aliyoimaliza aliigonga chapa kwa ndani: karafuu ndogo, iliyochongwa kwenye ncha ya msumari wa chuma. Jina hakuandika popote. Mteja aliigeuza bangili, akiiona karafuu haulizi tena.

Masonara wa mtaa ule wana desturi yao. Mwenzao akifa, chapa yake husagwa kwa tupa kabla maiti haijatoka nyumbani, ili mkono mwingine usije ukaitumia. Siku ya msiba wetu hakuna aliyekumbuka tupa; watu walihangaika na sanda na gari la kwenda makaburini. Mimi nikaingia eda. Nikiwa ndani nilimwomba shemeji, mdogo wa marehemu, aende akaisage. Akaniambia niondoe wasiwasi. Fimbo ya mbali haiui nyoka: natoka eda, nakuta kibanda kimeuzwa na vifaa vyote, chapa ikiwemo. Shemeji alisema kuharibu chuma kizuri kama kile ni dhambi. Dhambi! Sijamsamehe mpaka leo, na sioni haya kulisema.

Mnunuzi hakuwa sonara wala nini. Alileta bangili za shaba zilizopakwa rangi ya fedha, akazigonga karafuu, wamachinga wakazitandaza barabarani. Haukupita muda, mikono ya wanawake ikaanza kugeuka kijani, nao wakaja mlangoni kwangu kunilaumu. Nilikwenda kuidai chapa. Yule bwana aliniamkia shikamoo, akanipa na kiti, kisha akaniambia ameinunua kihalali.

Binti yetu alipoolewa, nilitoa bangili aliyotengenezewa na baba yake kabla hajaugua. Fedha tupu, nzito mkononi. Mashangazi wa bwana harusi wakaipokea, wakapasiana, wakaigeuza kama kawaida ya wanawake. Karafuu ikaonekana. Mmoja wao akafuta vidole kwenye khanga yake.

Nilitaka kusema kwamba hii ni ya mkono wa marehemu mwenyewe. Lakini kila mmachinga pale barabarani husema hivyo hivyo, na mashangazi wale wanajua hilo.

Binti yangu akaichukua, akaitumbukiza kwenye mkoba.

"Nitaivaa nyumbani, mama," akasema, bila kunitazama.