Nyasi za Ndama

Nimehama mara nyingi: Kajiado mjini, Gataka, Tuala, kisha Gataka tena. Kila ninapofika nakatiza viwanja visivyojengwa bado, na nikitoka upande wa pili nainama kuangalia pindo za suruali. Mbegu za nyasi zikiwa zimenata nazitoa moja moja. Majina yake siyajui, na aliyeyajua alikuwa tayari kunifundisha.

Huyo alikuwa nyanya yangu. Boma letu lilikuwa nje ya Kitengela, na nyuma yake palikuwa na bonde dogo la udongo mweusi. Hiyo ndiyo ilikuwa olopololi yetu, malisho ya ndama. Haikuwa na ua. Kilichoilinda ni neno lake tu. Mvua ikianza, yeye na wanawake wa maboma jirani waliifunga, ng'ombe wakubwa wakapelekwa mbali. Kiangazi kikikaza waliifungulia ndama, ng'ombe wagonjwa na wale waliotoka kuzaa.

Siku ya kufungua aliijua kwa shuka yake. Alitembea bondeni kutoka mwisho hadi mwisho, wake wapya wa maboma yale wakimfuata ili wajifunze, kisha akainua pindo. Mbegu zikiwa zimenata, walirudi nyumbani. "Bado inazaa," aliwaambia. Walirudia hivyo mpaka siku shuka ilipotoka safi, maana mbegu zote zilikuwa zimeanguka chini kungoja mvua nyingine.

Nilipomaliza kidato cha nne, katikati ya miaka ya tisini, niliandamana nao mara moja.

"Kokoo, haya tuliandika shuleni," nilimwambia nyanya. "Yako kwa daftari yangu."

"Na hiyo daftari iko na maziwa?"

Wake wale walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nilikasirika, na sikwenda nao tena.

Kisha ranchi ya pamoja, ardhi yetu sote, ikaanza kugawanywa, kila familia ipate kipande chake. Baba alikuwa amefariki, na baba zangu wadogo walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali. Nikatumwa mimi kwenda kuchagua, kwa kuwa niliweza kusoma ramani. Asubuhi ile nyanya alinitemea mate ya baraka viganjani.

"Usiniletee karatasi," alisema. "Niletee bonde."

Mpima ardhi alikuwa ametandaza ramani juu ya boneti ya gari. Familia yetu ingeweza kuchukua kipande chenye bonde, au kingine kilichogusa lami.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Mnataka gani?"

Kwenye ramani bonde lilikuwa jeupe, halina hata alama. Barabara ilikuwa mstari mweusi uliokwenda mpaka ukingo wa karatasi na kutokea huko. Nimewahi kujieleza kwamba nilifikiria maendeleo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuondoka, na nikawachagulia wengine mahali pa kuondokea. Niliweka kidole kwenye lami.

Niliporudi, nyanya hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ndama watakula wapi?"

"Tutanunua nyasi, Kokoo."

"Kwa nani?"

Tukahamia kando ya lami. Aliyepewa bonde aliliuza, na mnunuzi akazungusha seng'enge, halafu malori yakaanza kutoa mawe. Wake wale walikuwa wamejifunza kazi vizuri, lakini hawakuwa tena na mahali pa kuinulia shuka.

Ukame mkubwa ulipokuja, miaka ile ya kuingia elfu mbili, nilikuwa Gataka nikifanya vibarua. Habari zilinifikia kwamba ndama wetu wanakufa. Nikarudi.

Kwetu, mtu aliyekosa akija ameshika nyasi mbichi mkononi, anasikilizwa, hafukuzwi. Niliposhuka kwenye lami nilitafuta hata shina moja. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu palikuwa vumbi na kinyesi kikavu. Nilizunguka mpaka bondeni. Kati ya mashimo ya mawe palikuwa na ukijani kidogo, ndani ya seng'enge ya mtu. Niliutazama, nikaenda nyumbani mikono mitupu.

Nyanya alikuwa amechuchumaa mbele ya ndama wa mwisho, akimlisha majani ya mgunga. Alitazama mikono yangu kabla ya uso. Niliinamisha kichwa kama mtoto anayemsalimia mkubwa, naye akakigusa.

"Kokoo, sikupata nyasi."

"Najua. Hata mimi nimetafuta." Akanisogezea kichwa cha ndama. "Shika hapa, asianguke."

Nikashika. Tulimlisha mpaka majani yakaisha, na siku ya tatu yule ndama akafa. Wiki iliyofuata nilirudi Gataka. Nyanya alinisindikiza mpaka kwenye lami, ambayo haikuwa mbali.