Jina la Mgeni Lilipopotea kwenye Diski

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kurudisha diski nzima nyuma kwa sababu ya folda zilizokaa vibaya.

Nilikuwa na chumba kimoja cha mbele hapa Kasongo, paneli ya sola juu ya mabati, kompyuta iliyotumika Kindu kabla ya kunifikia, na benchi. Benchi ndilo ninalolikumbuka zaidi. Wakati huo simu zilishika mtandao kwa shida upande wa Kabambare. Watu wa huko, na waume waliochimba dhahabu Salamabila, walirekodi maneno yao kwenye simu, wakachomoa kadi ya kumbukumbu, wakaifunga kwenye plastiki na kumpa mwendesha pikipiki. Ikifika kwangu, nilihamishia sauti kwenye kompyuta na kuifuta kadi, ili irudi tupu kubeba jibu. Familia ilikaa kwenye benchi kusikiliza. Kulikuwa na wazee walioijibu kompyuta: "Ndiyo, mutoto wangu, tunakusikia!" Siku hizi karibu hakuna anayekaa hapo, na bado nalipangusa.

Nilijifunza kazi peke yangu, kwa maelezo ya Kifaransa na kamusi kando. Folda moja ikiwa na herufi ndogo na nyingine kubwa, chakula kilinishinda. Asubuhi moja nilibadilisha majina yote ili yafanane, nikakosea amri, yakachanganyika. Hakuna kilichopotea. Ningeweza kuyapanga kwa mkono mpaka jioni. Lakini nilikuwa na picha ya diski niliyoipiga wiki iliyotangulia: kumbukumbu ya jinsi kila kitu kilivyokaa saa ile, na ukitaka, diski inarudi hapo hapo. Nikairudisha. Folda zikapendeza. Nikatabasamu kabisa, mimi mjinga.

Kisha nikaona kwamba sauti zilizofika baada ya picha ile hazipo. Nyingi zilikwisha kusikilizwa na wenyewe. Moja haikuwa imesikilizwa.

Ilikuwa ya jirani yangu aliyejifungua karibuni. Kwao, jina la mtoto hutoka kinywani mwa nyanya, na mama mzazi ndiye wa kwanza kulisikia, haliachiwi mjumbe. Mama yake, mzee wa kijiji kimoja upande wa Lusangi, alikuwa amelisema kwenye kadi. Nililihamisha bila kulisikiliza, na kadi nikaifuta na kuirudisha. Mtoto alikuwa akiitwa mgeni tu.

Jirani alikuja siku ile ile, mtoto mgongoni.

"Kijana, weka sauti ya mama. Huyu mugeni amechoka kuitwa mugeni."

Nikaanza kumweleza picha, amri, folda. Akanikatiza.

"Sauti iko ao haiko?"

"Haiko, mama."

"Si ulisema mashini yako inajua kurudia nyuma?"

"Ilirudia, mama. Ndiyo shida."

"Basi irudie tena mbele!"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama yangu anakohoa sana," alisema. "Unafikiri atakuwa anasema mara ngapi?"

Nilisoma maelezo yangu yote upya. Hayakunipa njia. Nikachukua kadi tupu, nikarekodi sauti yangu mwenyewe nikimwomba nyanya msamaha na kumsihi aseme tena, nikampa mwendesha pikipiki. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Kila pikipiki iliyosikika nilitoka mlangoni. Jirani akipita aliniambia tu, "Mugeni anakusalimia," na hiyo iliniuma kuliko tusi.

Kadi ilirudi ikiwa na matope kwenye plastiki. Sikuigusa mpaka alipokuja. Niliwaomba wengine watoke, nikambonyezea, nami nikasimama nje. Lakini nyanya alikuwa na sauti kubwa.

"Ule kijana wa mashini iko hapo? Kama iko, atoke! Nilisema jina, akalipoteza. Mimi sina mashini, na ningali nalo."

Akakohoa muda mrefu. Kisha akashusha sauti, akaingia Kibangubangu, lugha ya kwao, na nikamsikia jirani yangu akirudia neno moja baada yake, taratibu, akimtikisa mtoto.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Umesikia alivyokuchapa?" akaniuliza, na safari hii akacheka.

Kadi ile sikuifuta. Nilinunua diski nyingine kwanza.

Leo Salamabila wanapiga simu wenyewe, kadi haziji tena. Nyanya amefariki, na mtoto yule hupita kwangu akienda shule. Mama yake huja mara moja moja kusikiliza ile sauti, pamoja na kile kipande cha kunichapa. Kabla ya kurudisha chochote nyuma, siku hizi napiga kwanza picha ya diski ilivyo sasa, kisha narudisha faili moja tu inayohitajika. Kopi ya sauti zote iko kwenye diski ya pili, nyumbani kwa dada yangu. Majina ya folda hayafanani, na nimeyaacha hivyo.