Mama Nikolao na Furushi la Mikasi

Getrude Dastani, ambaye katika kituo chetu cha afya wote tunamwita Mama Nikolao, hataki hata mtu apumulie furushi lake. Ni Mmakua wa Lupaso aliyeolewa huku juu Newala. Kazi yake ni kuosha vifaa vya upasuaji, kuvifunga katika kitambaa cha kijani na kuvipika kwa mvuke mpaka kijidudu cha mwisho kife. Watu husifu mkono wa daktari. Mimi nasema waziwazi: mkono huo ukishika mkasi mchafu, unaua.

Siku ile Anifa alikuwa na uchungu, mtoto amelala kikingama, na Daktari Arthur ameshaamua kumpasua. Seti moja ilikuwa imetumika alfajiri. Ya pili, iliyokuwa tayari, Mama Nikolao aliiacha mezani akaenda kunawa. Aliporudi alikuta furushi liko wazi. Bibi Rukaiya, mama mkwe wa Anifa, alikuwa anatandika kanga mpya katikati ya mikasi, ametulia kabisa. Alitaka mjukuu apokewe na nguo ya bibi yake kabla ya kitambaa cha serikali.

Mimi nilishika kichwa. Mzee wa umri ule hakaripiwi. Lakini bibi ni Mmakonde, na Wamakua na Wamakonde ni watani, na Mama Nikolao alipitia mlango huo huo.

"Shikamoo, bibi. Wamakonde leo mmekuja kuniibia mpaka mikasi?"

"Marahaba. Nikuibie nini, Mmakua wewe? Nimekuletea nguo ya maana, hiki chako kimepauka."

"Hiyo nguo ya maana imeshikwashikwa na soko zima. Uchafu wake sasa uko kwenye mkasi, na mkasi unaingia tumboni mwa mkweo."

Bibi aliacha kucheka. Akauliza taratibu kama amemuua. Mama Nikolao akamjibu kwamba bado, ila kila kitu lazima kipikwe upya, na maji ya kituo yamekwisha.

Bibi alikuwa na ndoo ya maji ya mvua, aliyoibeba kutoka nyumbani ili amwogeshee mjukuu. Tangu asubuhi alikuwa akiilinda kama mboni ya jicho. Aliisukuma mbele kwa mguu.

"Pika. Mjukuu ataoga kesho."

Moto ukawashwa. Furushi likaingia kwenye mvuke, na pembeni yake kifurushi kidogo chenye kanga. Daktari Arthur alikaa na Anifa, akausikiliza moyo wa mtoto, akasema una nguvu, tusubiri. Utepe wa furushini, ambao mistari yake hubadilika rangi joto likitosha, ulitoka mweusi kama mkaa.

Mtoto wa kike alizaliwa analia kwa hasira, akafungwa kanga yenye uvuguvugu iliyochuja rangi kidogo. Kidonda cha Anifa kilipona bila tone la usaha.

Muda wote Anifa alipolazwa, Bibi Rukaiya aliweka kigoda mlangoni pa chumba cha vifaa. Daktari Arthur alipotaka kupita, bibi alimwuliza kama amenawa. Daktari akamwonyesha mikono.

"Kanawe tena," alisema bibi.

Akaenda.