Siku Shule Yetu Ilipotangazwa Mbele ya Wazazi

Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Wamaza, nilisimama uwanjani siku ya kufunga mwaka nikasoma matokeo ya watoto, wa kwanza hadi wa mwisho. Ndivyo tunavyofanya huku. Jina la wa mwisho linasikiwa na kijiji kizima.

Nilipomaliza, mama mmoja, mkulima wa mihogo, akainuka. Binti yake ndiye aliyekuwa wa mwisho darasa la pili.

"Madamu," akasema, "watoto munawatangaza. Masomo yenyewe, hii shule yenu, nani anaitangaza?"

Walimu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nikamwomba anipe juma moja la kuichunguza shule.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wazazi wakajaa uwanjani, Wakristo na Waislamu. Niliwaeleza bila kuficha: wengi wa la pili hawawezi kusoma hata sentensi moja. Walikuwa wamesongamana kwa mwalimu mmoja mgeni wa kazi, huku wazoefu wote tukiwaweka la sita kwa ajili ya mtihani wa taifa. Nilingoja matusi.

"Sasa tunajua iko nini," akasema yule mama. "Tufanye nini?"

Tulikubaliana palepale. Darasa lingegawanywa, wazazi wajenge banda la nyasi, na mwalimu wetu hodari wa la sita ashuke la pili. Alinuna miezi mingi. Na mwisho wa mwaka mpya wa masomo watoto wangesoma mbele ya watu maandishi ambayo wazazi wenyewe wameleta, asije mtu akasema wamekariri.

Siku ikafika. Wengine walileta kitabu cha nyimbo za kanisa, wengine kalenda ya msikiti, mmoja mwaliko wa ndoa. Yule mama alileta karatasi ya kituo cha afya kuhusu malaria. Binti yake, aliyekuwa akirudia la pili, alikwama kwenye neno "chandarua," akarudi nyuma, akalivuka, akaenda hadi nukta ya mwisho.

Mama hakujua kusoma. Akamgeukia jirani yake: "Ndivyo iliandikwa?"

"Ndivyo, mama. Neno kwa neno."

Vigelegele vikaanza hapo, na kila mtoto aliyefuata aliviongeza. Yule mwalimu aliyenuna kushushwa la pili akanyanyuliwa mabegani na wababa, akazungushwa uwanja mzima, viatu vikimdondoka, akicheka kama mtu aliyeoa siku hiyo.